Maajabu ya Mwili Unaocheza Bila Kupangiwa

Januari 1972, katika chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, Marekani, mchezaji dansi Steve Paxton na wanafunzi wa kiume walionyesha dansi iliyoitwa Magnesium. Walirukiana, wakagongana, wakaanguka na kubingirika juu ya magodoro ya mazoezi. Kisha wakasimama wima, wametulia, kwa dakika chache. Wengi huikumbuka ile miruko, maana ndiyo iliyozaa dansi inayochezwa leo katika nchi nyingi, ambamo wachezaji huegemeana na kubebana bila kupanga hatua yoyote. Mimi navutwa zaidi na kule kusimama. Paxton aliuita msimamo huo dansi ndogo, akaufundisha miaka mingi.

Jaribu. Simama, legeza mabega, usifanye lolote. Muda si mrefu utahisi uzito ukihama kutoka kisiginoni kwenda vidoleni, kisha ukirudi. Shavu la mguu hukaza na kulegea, dole gumba hubonyeza sakafu. Hukuagiza hata kimoja.

Ni nani basi anayekushikilia? Ndani ya kila sikio Muumba ameweka mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji, kila mmoja na upande wake, ili kichwa kisigeuke bila mwili kupata habari. Misuli nayo ina vihisio vinavyopima imevutika kiasi gani. Habari hizo hufika kwenye serebela, ile sehemu ndogo ya ubongo iliyo kisogoni, ambayo peke yake ina zaidi ya nusu ya seli zote za neva za ubongo. Mwaka 1967 watafiti wa Kisovieti walionyesha jambo linalonifanya nimsujudie aliyeliweka: mtu aliyesimama akitaka kuinua mkono, misuli ya miguu huanza kazi kabla ya misuli ya bega. Mkono ukipanda utamyumbisha, kwa hiyo mwili humwandalia egemeo mapema. Nia ilitaja mkono tu.

Sasa mtazame mchezaji dansi akicheza na mwenzake. Mgongo wa mmoja umepokea bega la mwingine, uzito unateremka kiunoni, na hakuna ajuaye watatua wapi. Akitaka kuamua kila kitu atachelewa, maana kabla hajamaliza kuwaza kukunja goti, goti limekwisha kugonga sakafu. Akiacha kila kitu, ataumia au atamuumiza mwenzake. Stadi huchagua upande wa kuelekea, huamua amwamini mwenzake kiasi gani na akatae lini. Mengine huuachia mwili, lakini mwili uliofunzwa. Paxton mwenyewe alikuwa amejifunza aikido, sanaa ya Kijapani ambayo mwanafunzi hufundishwa kuanguka salama. Naamini uhuru wa mchezaji uko hapo, wala si katika kujitupa ovyo. Mwaka 2008 wapiga piano sita wa jazi walipigwa picha za ubongo wakitunga papo hapo. Maeneo ya mbele yanayohusika na kujichunga yalipunguza kazi, na sehemu ya jirani inayohusishwa na kujieleza ikachangamka. Ile ilikuwa piano, lakini mchezaji dansi ataitambua hali hiyo.

Mwingereza Ian Waterman alipoteza utumishi huu wa siri wa mwili. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19, ugonjwa ulimwondolea hisi ya mguso na ya mahali viungo vilipo, kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli ilibaki na nguvu, lakini mkono alioutuma ulikwenda kusikojulikana. Kwa kuviangalia viungo vyake na kuwaza kila mwendo, alijifunza upya kuketi, kusimama, na hatimaye kutembea. Kwamba nia peke yake iliweza kumwinua mtu kitandani, hilo nalo ni ajabu la Muumba, kubwa mno kwangu. Ila kazi hiyo ilimdai macho na mawazo bila kupumzika, na taa zilipozimika ghafla, alianguka.