NA na AU

Nilikuwa Syokimau, usiku wa manane, naandikia mteja fomu ya usajili. Kwenye klasi ya Mtu nikadai kitambulisho kiwe namba NA kiwe na tarakimu nane. Masharti mawili, NA katikati. Majaribio yote yakapita, nikalala fofofo.

Wiki iliyofuata mama mmoja akapewa namba yangu, akanipigia. Kitambulisho chake ni cha zamani, kina tarakimu saba. "Kwani mimi si Mkenya, mwanangu?" Nilitaka kusema ni kompyuta. Lakini kompyuta ilitii tu. Aliyemkataa ni mimi.

Nikaongeza AU: saba AU nane, AU pasipoti. Nikajiona mwema sana. Kisha nikakumbuka Wamakonde waliotembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka wa 2016 kudai vitambulisho, wengi wao wakiwa wamezaliwa papa hapa. AU gani ingewapokea? Zangu zote zilianza na karatasi ya serikali.

Najua, ukilegeza kila kitu matapeli wanaingia. Mteja hunikumbusha hilo kila tukiongea, na hajakosea. Ila yule mama alikuwa na namba yangu. Wengine hawana.