Pengo la Nani? Suala la Maadili katika Kufundisha Uandishi wa Makala za Utafiti kwa Kiingereza Kisii na Nyamira

Suala la iwapo mtahiniwa wa shahada ya uzamivu afundishwe kuandika makala za utafiti kwa Kiingereza limekwisha kuamuliwa na taratibu za vyuo vikuu vya Kenya. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa mwaka 2014 ulimtaka mtahiniwa huyo awe amechapisha makala zisizopungua mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, na nje ya idara za lugha majarida hayo aghalabu ni ya Kiingereza. Katika Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kama ilivyo kwingineko, msimamizi asiyemfunza mwanafunzi wake kazi hiyo humfungia mlango. Swali lililobaki ni la kimaadili, nalo lina uzito zaidi: anapomfunza kuandika makala ya namna hiyo, humfunza kusema nini juu ya watu waliompa maarifa?

Maarifa hayo, kwa sehemu kubwa, hutolewa kwa Ekegusii. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7, na mtafiti aendaye vijijini Nyamira kuuliza habari za dawa za mitishamba, za arusi au za nyimbo za obokano hafiki mbali kwa lugha nyingine. Kiswahili humfaa sokoni na ofisini. Kiingereza huja mwisho, mtahiniwa akiwa peke yake mbele ya kompyuta. Na hapo ndipo msimamizi naye huingia, kalamu mkononi, kusahihisha njeo na viunganishi. Usahihishaji huo una kazi yake, ila msingi wake ni dhana kwamba kilichopungua ni Kiingereza. Dhana hiyo ni vigumu kuitetea. Filamu ya The Shadow Scholars, iliyotolewa mwaka 2024, ilionyesha vijana wa Kenya wanaojipatia riziki kwa kuwaandikia insha za vyuoni wanafunzi wa ng'ambo. Nchi iwauziayo Waingereza Kiingereza haiwezi kusemwa kuwa imekikosa.

Kinachomtatiza mtahiniwa ni utanzu. Makala ya utafiti ina kanuni zake kama utenzi ulivyo na zake: mtunzi wa utenzi wa jadi humtaja kwanza Mwenyezi Mungu, huagiza karatasi na wino, kisha ndipo akaingia katika kisa. John Swales, katika kitabu chake Genre Analysis cha mwaka 1990, alibainisha kwamba utangulizi wa makala za utafiti za Kiingereza nao hupitia hatua zinazotambulika: mwandishi hutangaza eneo, huonyesha kuwa eneo hilo lina pengo, kisha hulikalia pengo hilo. Sitiari hii ni ya ardhi. Katika milima ya Gusii, ambako mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi yakawa vipande, hapana asiyejua kuwa shamba linaloitwa tupu huwa na mwenyewe.

Kasoro ya kimaadili imo katika hatua hiyo ya pili. Miongoni mwa sentensi za mwanzo ambazo mtahiniwa hufunzwa kuziandika ni ile isemayo kuwa jambo fulani halijulikani vya kutosha. Halijulikani kwa nani? Mathalani, na achukuliwe mtahiniwa anayechunguza chinsoni, yaani kanuni za Abagusii zinazotawala staha baina ya vizazi vinavyofuatana. Kwa kanuni hizo baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala mambo ya unyumba hayatajwi mbele ya mzazi au mkwe. Lakini baina ya nyanya na mjukuu ulimi hulegea na utani huruhusiwa. Philip Mayer alichapisha juu ya koo za Abagusii mwaka 1949, nao Robert na Barbara LeVine wakatoa Nyansongo mwaka 1966. Katika ethnografia ya Kiingereza chinsoni huelezwa kwa maneno yenye maana ya aibu au ya kuepukana. Mtahiniwa huyachukua maneno hayo yakiwa tayari, kwa kuwa ndiyo wanayoyatambua watakaoipitia makala yake, halafu huandika kwamba athari za kanuni hizo katika malezi ya leo hazijulikani. Ilhali nyanya aliyeketi naye kutwa nzima amekwisha kumweleza nani haingii kwa nani, wajukuu walianza lini kupuuza, na jinsi nyumba ya vyumba vingi aliyoijenga mwanawe ilivyovuruga utaratibu mzima. Nyanya huyo anazijua athari. Kilichokosekana ni makala.

Kiswahili kina neno soni, lenye maana ya haya, na undugu wake na ensoni ya Ekegusii hauhitaji mtaalamu wa isimu kuubaini. Kuepukana ni mwendo wa miguu tu. Soni hubakiza kile akionacho mtu moyoni akijikuta mlangoni asipostahili kuwapo. Zaidi ya hayo, mtahiniwa mwenyewe amefungwa na kanuni anazozichunguza. Mzee wa rika la babake hawezi kumjibu yote. Katika sehemu ya mbinu za utafiti jambo hilo huorodheshwa pamoja na vikwazo, kana kwamba ni mvua iliyokatiza safari, hali kunyamaza kwa mzee kulikuwa jibu.

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba pengo ni kaida tu ya uandishi, na kwamba kila msomaji huelewa linahusu machapisho. Hoja hiyo ina nguvu miongoni mwa waliobobea. Mtahiniwa anayejifunza, hata hivyo, huanza kwa kuitii kaida na huishia kuiamini, na anayemfuata humnukuu. William Ochieng' alipochapisha mwaka 1974 historia ya Wagusii kabla ya ukoloni, alitegemea sana masimulizi ya wazee, na kazi hiyo iliwafikisha mbali kuliko sauti zao zilivyoweza. Msomaji lakini hukutana nao katika Kiingereza. Wala haifai kumtukuza msimulizi kupita kiasi. Nyanya mmoja hukosea, wa pili humkana, na anayelinganisha kauli zao huongeza kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nacho. Hicho ndicho utangulizi ungepaswa kukitaja: kwamba haya yanajulikana na hawa, hayajaandikwa, na mwandishi ameyalinganisha hivi.

Wapenzi wa Kiswahili nao wasijitoe lawamani haraka. Kwa wazee wengi wa Nyamira Kiswahili kilikuja na soko, shule na ofisi ya chifu, na majarida ya Kiswahili yamejaa sentensi isemayo kuwa hapana mhakiki aliyewahi kulishughulikia suala hili. Ni pengo lile lile lililovalishwa kanzu.

Wapo wasimamizi wanaomwandikia mwanafunzi upya aya nzima, na siku hizi zipo programu za kompyuta zifanyazo hivyo kwa sekunde chache. Programu hizo huitoa sentensi ya pengo bila kusita, maana zimelishwa maandishi ambamo imejaa tele. Kwa njia zote mbili Kiingereza hunyooka na aliyesimulia hutoweka. Zoezi moja lingeweza kutangulia kutumwa kwa makala: mtahiniwa aifasiri aya ya utangulizi kwa Ekegusii, arudi nayo kijijini, amsomee yule aliyemsimulia. Sentensi isemayo kuwa jambo hili halijulikani haisomeki mbele ya nyanya huyo bila msomaji kuona soni. Ataibadilisha kabla hajafika mlangoni, na akirejea chuoni itambidi aitafutie Kiingereza chake hiyo aliyoibadilisha.