Chenji ya Abiria Aliyekwisha Kuondoka

Pale Shelui mabasi yanayoshuka Mlima Sekenke kwenda Igunga, Nzega na Mwanza hayakawii. Dirisha linafunguliwa, akina mama wanainua sinia za karanga na mayai ya kuchemsha, noti inapokelewa, chenji inatafutwa kwenye fundo la kanga, na tayari konda anagonga ubavu wa gari. Mama mmoja alipewa shilingi 10,000 kwa mayai mawili ya shilingi 1,000. Akiwa bado anahesabu, basi likaondoka. Alilikimbilia mpaka pumzi zikamwishia. Abiria yule hamjui jina, wala namba yake ya simu hana.

Aliponieleza habari hii, siku nyingi zilikuwa zimepita. Pesa yenyewe alikuwa hajaigusa, ameifunga kwenye kitambaa. "Mchungaji, mimi ni mwizi," akasema. "Kila nikipiga magoti nasikia: mwizi anaomba nini?" Nikamwuliza, "Mama, sauti hiyo inafanana na ya nani?" Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema inafanana na ya shangazi yake aliyemlea.

Je, na wewe unayo sauti ya namna hiyo? Wengi wetu tunayo, na mara nyingi tuliipokea tukiwa wadogo, kutoka kwa watu ambao huenda walitupenda ila hawakujua kusema nasi kwa upole. Nguvu yake ni kwamba huanza na jambo la kweli. Ni kweli chenji haikurudi. Lakini haiishii hapo. Huongeza kwamba wewe ni mwizi, kwamba ndivyo ulivyo tangu utoto, na kwamba Mungu naye amekuchoka. Dhamiri njema hutuonyesha tulichokosa, kisha hutuonyesha la kufanya. Sauti hii hutuambia tulivyo wabaya, na haituachii chochote cha kufanya isipokuwa kujichukia.

Nilimfungulia yule mama Kitabu cha Hesabu, sura ya 5. Ni sheria ambayo hatuihubiri sana, nami naona tunakosa kitu kikubwa. Aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe kile alichochukua, aongeze sehemu ya tano juu yake. Na je, kama aliyekosewa hayupo, wala hana ndugu wa karibu wa kupokea? Torati ililiona hata hilo: malipo yatakuwa ya Bwana, yapewe kuhani. Maelfu ya miaka kabla ya mabasi ya Mwanza, Mungu alikwisha kumfikiria mtu ambaye hawezi kumfikia aliyemkosea. Hakumwacha akimbize gari maisha yake yote.

Tukapiga hesabu pamoja. Chenji ni 9,000, sehemu yake ya tano ni 1,800, jumla 10,800. Sikumwambia kwamba hiyo ndiyo bei ya msamaha, maana msamaha wetu hatuununui. Kristo amekwisha kulipa. Wala yeye hakuwa amekusudia kuiba. Nilitaka aone kwamba mbele za Mungu deni lina kiasi, na likilipwa linafutwa. Sauti ile ya ndani haikuwa imemtajia kiasi chochote, kwa hiyo asingeweza kuiridhisha kamwe. Akaamua mwenyewe kwamba pesa hiyo imsaidie msafiri atakayekwama stendi bila nauli, naye akafanya hivyo.

Wakati mwingine, hata hivyo, sauti inatushitaki mahali ambapo hakuna kosa. Namfikiria kijana aliyeuza ng'ombe wa urithi, akatia pesa kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, huko Sekenke, na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, likasaga mawe matupu. Watu wamechimba dhahabu pale tangu enzi za Wajerumani; mwaka 1916, wakati wa vita, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikagongwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Ardhi hiyo hiyo ikampa huyu kijana hasara. Amekosa busara kidogo? Pengine. Lakini mwamba hauwapi watu dhahabu kwa kupima wema wao, na kukosa mali si dhambi ya kutubu. Eliya naye, chini ya mretemu, aliomba afe akijiona si bora kuliko baba zake. Mungu hakuanza kwa kubishana naye. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kuna usiku ambapo utii wetu wote ni kula kidogo na kwenda kulala.

Usidhani yule mama haisikii tena sauti ile. Baada ya juma moja ilirudi na neno lile lile. Tofauti ni kwamba sasa analo jibu: "Lile tulilimaliza." Kisha anachemsha mayai yake, anatoka kwenda stendi kabla hakujapambazuka vizuri, na siku hizi huandaa chenji mkononi kabla basi halijasimama. Yohana katika waraka wake wa kwanza anatuambia kwamba hata moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo, naye anajua yote. Anayejua yote kuhusu wewe ndiye anayekupenda. Unaweza kukaa na wazo hilo kwa dakika chache leo, bila kuharakisha?

Juma hili, mpendwa, sauti hiyo ikikujia usiku, iulize kwa utulivu: nimemkosea nani, na nifanye nini? Ikikujibu, kesho asubuhi nenda ukafanye. Isipokuwa na jibu, usiendelee kuisikiliza, omba, ulale. Na Jumapili njoo Mezani pa Bwana, hata kama bado inasema.