Heri Nyumba Yenye Ghasia

Nyumba yenye watoto wengi na vyumba vichache haitawaliki kwa ukali peke yake. Na mimi, niliyezaliwa Pumwani nikaolewa Kaloleni, humu humu Eastlands ya Nairobi, nashuhudia ya kwamba mama asiyejua kucheka huchoka kabla ya adhuhuri kuingia.

Ifikapo saa kumi na moja na nusu alfajiri, kifungua mimba wangu, binti wa kidato cha tatu, amekwisha jifungia bafuni, na nduguye amesimama nje, taulo begani, akimsihi kwa maneno ya adabu. Kisha adabu hupungua kidogo kidogo, hata akaanza kutangaza, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya uwanja, kwamba ikiwa dada amehamia humo basi na aanze kulipa kodi. Wa tatu anatafuta soksi, na kila siku huipata moja tu, akaapa kwamba nyingine imeibwa. Kitinda mimba naye, aliye gredi ya tatu, anakunywa chai yake kwa utulivu wa kadhi, kana kwamba kengele ya shule itamngoja yeye. Baba yao huniuliza, "Mama watoto, leo tutatoka kweli?" nami humjibu kwamba jana tulitoka.

Lakini asubuhi ni nyepesi ukiilinganisha na saa tatu za usiku. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeleta kazi za mikono hadi mezani petu, nami siulaumu, maana nimemwona mtoto akilifahamu kwa vidole vyake jambo ambalo sisi tulilikariri tu bila kulielewa. Ila watoto wana tabia ya kuzikumbuka kazi hizo wakati sahani zimekwisha oshwa na duka limekwisha fungwa. Usiku mmoja kitinda mimba alitoka kitandani, akasimama mlangoni, akasema kwa upole mkubwa, "Mama, mwalimu amesema kesho tubebe maharagwe ya rangi tatu, ya kubandika." Nyumbani palikuwa na maharagwe ya aina ya nyayo peke yake. Tukaenda kwa jirani wa mkono wa kulia, tukapewa njahi nyeusi. Tukavuka uwanja hadi kwa mama mwingine, ambaye alikuwa amekwisha komea mlango, naye akatupitishia ya manjano dirishani huku akicheka hata akashika mbavu, kwa kuwa mwanawe naye alikuwa amemwamsha dakika ile ile akitaka magazeti ya zamani. Basi tukabadilishana, maharagwe kwa magazeti, na picha ya kuku ikabandikwa kwa uji wa unga wa ngano, kwani gundi nayo ilikuwa imesahauliwa. Kuku yule alitoka mzuri.

Na maji je? Tangu mgao ulipoanza Nairobi mwezi wa Januari 2017, mvua zilipopungua na kina cha bwawa la Ndakaini kikashuka, bwawa ambalo likijaa huhifadhi mita za ujazo milioni 70, mama wa Eastlands huijua siku ya bomba kama aijuavyo siku aliyozaliwa. Aghalabu maji huja usiku wa manane. Hapo anayesikia mlio wa kwanza wa bomba huita wenziwe, na nyumba nzima huamka: mitungi, makarai, masufuria na hata birika hupangwa mstari, na mwanangu wa pili, mvivu wa kuamkia shule kuliko wote, hugeuka msimamizi hodari, akagawa kazi na kukagua vifuniko. Wako wasioamini kwamba watoto waweza kufurahi saa tisa za usiku katikati ya mitungi, nao hawajalala kwetu.

Ghasia hii yote naitaja kwa shukrani, kwa sababu haikuwa haki yetu tangu awali. Utawala wa kikoloni uliihesabu Nairobi kuwa mahali pa Mwafrika kufanyia kazi na kisha kurudi kwao mashambani. Kwa hiyo aghalabu mfanyakazi alipewa nafasi ya kitanda katika chumba cha wanaume, mke na wana wakabaki walikotoka. Pumwani, iliyoanzishwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilikuwa na wanawake wengi waliojijengea nyumba na kupangisha vyumba, na nyumba zao zikawa maskani ya waliokosa maskani. Kaloleni yetu, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza ya manispaa kukusudiwa Waafrika wenye aila, ikawa na uwanja wa watoto kati ya nyumba na ukumbi wa jamii. Hata mwaka 1954, kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter ilikuwa bado yashauri kwamba ujira hauna budi umtoshe mtu pamoja na familia yake, jambo ambalo kila mama alilijua bila kamati. Nyanya ya mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitukataza kuwanyamazisha watoto bure. Alisema yeye alikaa miaka na mume wa barua, na kwamba kelele za wanawe alizisikiliza kwa zamu, huyu kisha yule, kama mtu ahesabuye akiba.

Kwa hiyo Jumamosi nikikanda unga wa chapati siwafukuzi watoto jikoni. Mmoja husukuma, mmoja hugeuza, wa tatu hupaka mafuta, na harufu ikishatoka uwanjani watoto wa jirani huja kutusalimia, wakaniamkia "Shikamoo mama" huku macho yao yamo kwenye kikaango. Ndengu zikishapakuliwa, kitinda mimba huomba dua kwa jicho moja lililofumba, na la pili likilinda chapati iliyo kubwa kuliko zote.

Siku hizi kunanenwa habari za kubomoa mitaa mikongwe ya Eastlands na kusimamisha maghorofa mahali pake. Siyapingi maghorofa, kuta zetu zimezeeka, na vibanda vya mabati vilivyoegemezwa kwenye nyumba kwa ajili ya vijana waliokua ni ushahidi kwamba vipimo vya zamani vilikwisha shindwa. Ombi langu kwa wachora ramani ni kwamba waje kwanza wakae jikoni mwangu Jumamosi moja, kikaango kikiwa motoni. Watazame mtoto anavyopita na sahani bila kumgonga nduguye, waulize nguo za watu sita zitaanikwa wapi, mitungi itasimama wapi siku ya maji, na watoto watacheza mahali gani ambapo mama aweza kuwaona bila kuuacha moto. Kisha ndipo washike kalamu.