Kung'arisha na Kughushi

Wenzangu wa bwenini hunitania kwamba ninafuga mashine. Nakusanya vifyonza vumbi vya zamani, vya enzi za bibi zetu, na kuvirudishia uhai. Wakiniuliza kama hiyo si israfu, sichelewi kujibu: kitu kilichokuwa kinaelekea jaani kikitengenezwa kikafanya kazi, israfu iko wapi? Mtume wetu (SAW) alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake. Swali linalonikosesha usingizi ni jingine. Kitu kikongwe kikishapigwa rangi na kung'arishwa, je, bado kinasema kweli kuhusu nafsi yake?

Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alisajili hataza ya mashine ya kuvuta vumbi. Ilikuwa kubwa, ikikokotwa na farasi na kuegeshwa barabarani, na mipira yake ikipitishwa madirishani. Mwaka 1907, huko Canton, Ohio, msafishaji wa duka aitwaye James Murray Spangler, aliyekuwa na pumu, aliunganisha feni, sanduku na foronya akapata mashine ndogo ya nyumbani. Haki zake zilinunuliwa na William Hoover, na jina la mnunuzi ndilo dunia inalolikumbuka. (Hilo nalo lina makala yake, siku nyingine inshallah.)

Ndani ya mashine hizi hakuna muujiza. Kuna mota, beringi, kaboni mbili zinazosugua mpaka ziishe, feni, mfuko, swichi na waya. Ubishi wa wakusanyaji uko hapo kwenye waya. Wapo wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, kwa sababu waya wa asili unapandisha bei na heshima ya mashine. Lakini gamba la mpira la miaka ile hukauka na kupasuka, na mashine nyingi zina bodi ya chuma. Umeme ukivuja, bodi nzima inakuwa na umeme. Ikikaa kabatini kama pambo haimdhuru mtu. Ikitumika ni habari nyingine.

Mjomba wangu anafanya biashara Juba. Aliniomba mashine moja kwa ajili ya zulia la msikiti wa mtaani kwao, maana kiangazi vumbi la kule halina mzaha. Nilikuwa na Hoover Constellation, lile la mviringo kama mpira, lililoanza kuuzwa miaka ya 1950. Lilikuwa bora kuliko yote niliyonayo, na waya wake wa asili ulikuwa mzima kwa macho. Nikafikiria: msikitini watu wanatembea miguu mitupu, na wengine wametoka kutia udhu, miguu ina maji. Nikaukata waya ule, nikafunga mpya wenye nyaya tatu, ikiwemo ya ardhi. Mkusanyaji mmoja ninayemheshimu aliniambia nimeua thamani ya kitu. Huenda ni kweli, kwa thamani anayoihesabu yeye.

Pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba afisa aliyefungua mzigo wangu alilizungusha mikononi.

"Hii mpya, kijana?"

"Hapana afande, ni kuukuu. Vipya ni waya, kaboni na beringi."

"Mbona inang'aa hivi?"

"Nimeing'arisha."

"Kwa hiyo unadanganya macho," akasema akicheka, akanipitisha.

Yeye alitania, mimi nikabaki na neno lake nikimsubiri mjomba. Abiria wa Juba waliwahi kupitia kwenye mahema kabla jengo jipya halijafunguliwa mwaka 2018, na uwanja huo umezoea pia ndege za mizigo za Antonov za enzi za Kisovieti. Tarehe 4 Novemba 2015, Antonov An-12 iliyoundwa mwaka 1971 iliruka kutoka hapo ikaanguka karibu na Nile Nyeupe, wakafa watu zaidi ya 30. Allah awarehemu. Sisemi kilichoiangusha ni umri. Zipo DC-3 za miaka ya 1940 zinazoruka mpaka leo. Ndege kongwe inaaminika kwa daftari lake la matengenezo: kila kipande kilichobadilishwa, lini, na nani. Abiria anaona rangi tu, daftari hana. Roho yake iko mikononi mwa aliyeliandika.

Wanafikihi wetu wamelijadili jambo hili kwa mifano ya sokoni. Mtume (SAW) alitia mkono kwenye rundo la chakula akakuta unyevu ndani, akamkemea muuzaji kwa kuuficha chini. Akakataza pia mnyama aachwe bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua akapewa hiari ya kumrudisha. Tazama mfano huo wa pili. Kiwele kimejaa kweli, maziwa ni maziwa, na muuzaji hakutamka neno la uongo. Jicho tu ndilo lililoongopewa. Neno letu kughushi lina asili moja na neno la Kiarabu linalotumika hapo.

Rafiki yangu wa sheria ananipinga. Anasema anayenunua kuukuu ameshajua ni kuukuu, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Hoja yake ina nguvu kwa mikwaruzo na rangi iliyopauka. Kwa waya hainiridhishi. Mnunuzi anajua mashine ni ya zamani, hajui sehemu ipi imechoka, na mng'aro wangu ndio unaomzuia kuuliza. Kadiri nilivyo fundi hodari wa kung'arisha, ndivyo deni langu la kusema linavyokuwa kubwa. Naona pia haitoshi kusema ukiulizwa, maana asiyejua hajui hata la kuuliza. Wallahu a'lam.

Siku hizi kila mashine inayotoka kwangu ina kadi ndani ya kifuniko, imeandikwa kilichobadilishwa, tarehe, na nisichokigusa. Mzee wa msikiti kule Juba hakuipenda. Alisema inaifanya zawadi ionekane chakavu mbele ya waumini. Nilimwomba aiache. Mwezi uliopita alinipigia simu: kaboni zimeisha, na fundi wa jirani ameshapata vipimo vyake kwenye kadi, anataka tu kujua kama za mashine ya kutobolea zikichongwa zitafaa.