Kidau cha Wino na Ngano Yake

Je, ni halali mtu kukusanya vitu vya kale ili avitazame tu? Swali hili lafaa lijibiwe taratibu.

Zamani, kabla ya kalamu zenye wino ndani yake, kila mwandishi alihitaji kidau cha wino. Huko Ulaya, katika karne ya 19, mafundi walisubu vidau vya shaba ya manjano, wakavipamba kwa sura za wanyama wa ngano, kama bundi na mbweha. Kalamu mpya zilipoenea, vidau viliondoka mezani. Leo hununuliwa na wakusanyaji.

Mtu wa Ubundu, penye mwisho wa reli ya kilometa 125 itokayo Kisangani, iliyofunguliwa mwaka 1906, atasema: «Hayo yatuhusu nini?» Yamhusu. Shaba hiyo ilijulikana mtoni Kongo: wakati wa Dola Huru ya Kongo (1885–1908), wafanyakazi wengi walilipwa mitako, yaani vipande vya waya wake. Tena upande wa Maniema na Kivu, Walega wa chama cha bwami walikuwa na sanamu ndogo za pembe na za mti, zilizofundisha mithali. Sanamu yenye nyuso nyingi, Sakimatwematwe, yafundisha kwamba mwenye hekima hutazama pande zote. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikipiga chama hicho marufuku. Sanamu nyingi zimefika Ulaya na Marekani bila mithali zake.

Basi, mkusanyaji amepata nini? Amepata pembe au shaba. Mafundisho yamebaki kwa wazee, na wazee hufa.

Si kosa kupenda kitu kizuri, wala kukitunza kisiharibike. Lakini anayemkuta mjane mwenye njaa, akanunua urithi wa nyumba yake kwa bei ya chumvi, huku akijua thamani yake, amemdhulumu, ijapokuwa mjane amekubali. Maana mwenye njaa hana hiari kamili. Mwuzaji naye ana wajibu: kilicho cha ukoo wote hakiuzwi na mmoja kwa siri.

Kwa hiyo waulizane kwanza: Kitu hiki ni cha nani? Bei yake ni ya haki? Kisa chake ni kipi? Jibu la swali la tatu liandikwe, pamoja na jina la kijiji na la mzee aliyesimulia, na nakala moja ibaki kijijini. Ndiyo kazi ya kidau tangu mwanzo: kuwasaidia watu wasisahau.