Hazina Iliyofichwa Shambani

Mama mmoja wa Ifakara ametuletea barua yenye swali ambalo hatukulitazamia. Mwanawe wa miaka 13 alikwenda likizo kwa mjomba wake karibu na mto Ruhuhu. Akichunga mbuzi korongoni aliona kitu kimechomoza katika udongo, chenye umbo la mfupa na uzito wa jiwe. Alikifunga ndani ya shati, akasafiri nacho hata nyumbani, na sasa amekificha chini ya kitanda. Bibi yake ataka kitupwe. Jirani yuko tayari kukinunua. Naye mama auliza: je, ni dhambi kukiweka? Na je, hakitamharibia mtoto imani?

Tuanze na furaha ya mtoto, kwa maana ndiyo iliyo njema kuliko yote katika habari hii. Mfupa uliogeuka jiwe, yaani kisukuku, ni kazi ya maji na matope. Mnyama hufa, na mto humfunika, kama vile Kilombero utandazavyo tope lake wakati wa masika juu ya mashamba yetu ya mpunga. Kisha, kwa muda ambao hauhesabiki kwa vizazi, maji yenye madini hupenya ndani ya mfupa hata ukawa jiwe. Baadhi ya miamba ya Ruhuhu yakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 240 hivi. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Parrington aliokota huko mifupa ambayo ilikaa miaka karibu 80 ndipo, mwaka 2013, ikapewa jina la Nyasasaurus. Huenda ikawa ya dinosaria wa kale kupita wote wanaojulikana, au ya jamaa yake wa karibu. Mnyama mwingine wa huko huko aliitwa Asilisaurus kongwe mwaka 2010, nasi twafurahi kuona Kiswahili chetu kimeketi kando ya Kiyunani.

Wala hazina hizi haziwangojei wenye vyeo, wala waliojiandaa. Mwaka 1976, kule Laetoli, wataalamu walikuwa wakitaniana kwa kurushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, akikwepa, alianguka. Na pale chini, mbele ya macho yake, zikaonekana nyayo za wanyama zilizochapwa katika majivu ya volkano yaliyokwisha kuwa mwamba. Miaka miwili baadaye zikapatikana hapo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Hata karibu nasi, kule Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, wageni wenye elimu walisikia mwaka 1979 mlio wa kima wasiyemjua. Wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani, wakimwita ng'olaga.

Yule aandikwaye kuwa mvumbuzi, mara nyingi ameonyeshwa njia na mwingine. Huko Tendaguru, upande wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya watu wetu waliichimba mifupa mikubwa ajabu na kuichukua vichwani mpaka bandarini, katika nchi ambayo ilikuwa ingali ikiuguza majeraha ya vita vya Maji Maji. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, twamjua kwa jina. Wengi wa wenzake hatuwajui. Mifupa ile iko Berlin hata leo. Jirani mwenye fedha na akumbuke habari hiyo.

Kuhusu imani, mama asiogope. Baba Mtakatifu Pius XII, mwaka 1950, hakukataza wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mwanadamu, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe; naye Yohane Paulo II alilisema jambo hilo kwa uwazi zaidi mwaka 1996. Aliyeumba mifupa hawezi kukanushwa nayo.

Kuhusu dhambi, tumtazame mtu yule katika Injili ya Mtakatifu Mathayo aliyekuta hazina shambani. Twapenda kukumbuka furaha yake, twasahau kwamba hakuondoka nayo usiku. Alikwenda kuuza vyote alivyo navyo, akalinunua shamba kwanza. Furaha yenyewe ndiyo iliyomwezesha kulipa. Mtoto huyu hakuiba, kwa kuwa hakujua. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yamtaka aliyepata kitu cha namna hiyo atoe taarifa, na kukiuza ni kuwapokonya wote kilicho chao. Tena mfupa ulioondolewa mahali pake bila maandishi umepoteza nusu ya habari zake.

Basi mtoto aandike leo, kabla hajasahau: korongo gani, upande gani wa kijiji, udongo wa rangi gani, kitu kilichomoza kiasi gani. Kisha mama aende pamoja naye kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na mjomba asiruhusu mtu kuchimba pale. Twajua mtoto atalia. Kwa hiyo tumeshauri apewe kwanza nafasi ya kukichora mbele ya darasa lake, na mama ameahidi kutuletea mchoro huo. Bibi naye, twasikia, ameanza kuuliza mnyama yule alikuwa akila nini.